Nyumba ya Magurudumu Kwenda Kabambare

Jumatatu, 4 Juni 1956. Kasongo.
Nimepata nyumba! Magurudumu mawili, madirisha ya kioo, kitanda, kabati. Mzungu wa kampuni ya pamba anarudi kwao Ulaya moja kwa moja. Ameniachia mimi, karani wake, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Haina motere, lazima ivutwe na gari. Nimemwandikia papo hapo Mzee Michel wa Kabambare, baba yake Clémentine. Jumapili naja kuposa, na nyumba naja nayo. Grégoire muuguzi naye anamtaka Clémentine. Ana baiskeli. Maskini!

Jumanne, 5 Juni.
Gari gani livute? Fundi Pierre kaizunguka nyumba mara mbili, kalipiga teke gurudumu, kasema hii inataka kamyo, lori la mizigo. Nikamwambia kamyo zote za hapa zinanuka mawese, na mimi naenda ukweni. Akatikisa kichwa. "Karani, kuvuta haiko kazi. Kazi iko kuzuia. Kwenye muteremuko hii nyumba itawasukuma."
Mafundi! Kutisha watu tu. Nimechagua kigari cha Hemedi, muuza vitambaa. Cheusi, kinang'aa. Hemedi hakuweza kukataa: barua zake zote za serikali naziandika mimi.

Jumatano, 6 Juni.
Jaribio. Aibu! Kwenye kilima cha misheni motere ilichemka kama sufuria ya maharage. Tulishuka tukasukuma. Grégoire akapita, akaegesha baiskeli, akasalimu kwa adabu, akasukuma na yeye. Tusi hilo sitalisahau. Dada yangu Victorine anasema niende kwa baiskeli kama watu wengine. Nimekataa. Nimetoa kitanda na kabati. Sasa nyumba ni nyepesi. Ni tupu, lakini nyepesi.

Ijumaa, 8 Juni. Njiani.
Tumeondoka. Vumbi hadi kwenye meno. Kila kilima tunasukuma. Hemedi anapangusa kigari chake kila tukisimama.

Jumamosi, 9 Juni. Mto Luama.
Mungu wangu. Mteremko wa kwenda kwenye kivuko. Hemedi alikanyaga freni. Gari lilipiga kelele, likaendelea. Nyumba ilitusukuma kama mbuzi dume. Kisha mlio, na ghafla tukawa wepesi. Nikaona kitu cheupe kinatupita upande wa kushoto. Nikajiuliza, ni gari zuri la nani hili? Ilikuwa nyumba yangu. Iliingia mtoni bila kusita, ikaelea. Watu wa kivuko walipiga makofi. Hemedi aliketi chini akalia. Mimi pia. Kutoka ng'ambo, Grégoire, aliyekuwa ameshavuka kwenda Kabambare, alitupungia mkono, akapanda baiskeli yake.

Jumapili, 10 Juni. Kabambare.
Nimefika jioni, nimebebwa na kamyo ya mihogo. Mzee Michel alinipa maji, akaningoja nimalize, akasema, "Mutoto wangu ataolewa na mutu, si na nyumba." Ameshakubali posa ya Grégoire. Harusi ni Agosti.
Clémentine alinisindikiza hadi barabarani. Sikuweza kumtazama. Alisema kwa sauti ndogo: "Barua yako walinisomea, Célestin. Madirisha iko. Kitanda iko. Jina langu haiko." Kisha akarudi ndani.


Jumatano, 13 Juni. Kasongo.
Siku mbili sikula. Victorine ameacha hata kunigombeza. Hemedi akiniona anafunga mlango.
Lakini leo nimefikiri vizuri. Kosa halikuwa langu, wala la nyumba. Kosa ni la barabara! Majini ilielea dakika kumi nzima, imesimama wima kama bata. Sasa imekaa kwenye fungu la mchanga, kioo kimoja tu kimevunjika. Na Agosti bado mbali. Asubuhi nashuka hadi mto Lualaba kutafuta mwenye mashua ya motere, aivute nyumba kwa maji. Fundi Pierre sitamwuliza.