Mlio wa Saa Saba katika Banda la Pampu

Jumatatu, 5 Mei

Ukungu mlimani tangu alfajiri. Pampu inaunguruma vizuri. Mimi pia mzima.

Habari mbaya. Meneja wa Miliki wa chuo ameniita ofisini na kunieleza kwamba banda langu la pampu, huku juu kijitoni, litafungwa mtambo wa kujiendesha. Tangi likipungua pampu itajiwasha, likijaa itajizima. Nikauliza: na mimi je? Akasema nitahamia karakana ya chini, kwa Twalibu.

Karakana! Mabati matupu, kelele za kukata vyuma kutwa nzima, na redio ya Twalibu inayotangaza mpira hata siku isiyo na mpira. Nimebakiza miaka miwili kustaafu. Nilikusudia kuimalizia hapa, baina ya mota na migomba.

Lazima upatikane mpango. Nitaonyesha kwamba pampu hii haiwezi kuishi bila sikio la mtu. Sikio langu. Naweka ncha ya bisibisi kwenye mota, mpini sikioni, na beringi inaniambia yote. Miaka thelathini na moja nasikiliza hivyo. Hakuna mlio nisioujua.

Baada ya chakula nilijinyoosha juu ya kadibodi nyuma ya pampu ili niufikirie mpango. Si kulala, kufikiri. Nikaona puli imechomoka taratibu kwenye mota, ikapanda juu ya migomba, ikawa inazunguka juu ya Uluguru kama mwezi, na maji ya kijito yakapanda nayo pasipo bomba. Marehemu mama alikuwa akisuuza vyombo ndani ya wingu. Saa nane na nusu nikazinduka. Mpango ulikuwa umekomaa.

Jumanne, 6 Mei

Asubuhi nilimweleza Martina, mke wangu. Akauliza kama huko bandani huwa nalala. Nimeudhika. Huyu ndiye mwanamke aliyehamia chumba cha watoto miaka tisa iliyopita kwa madai kwamba chumba chetu kina joto. Alihama mwezi wa Julai! Sikumbishia wakati ule, wala sikumbishia leo.

Saa nne akapanda Mhandisi Sabra, binti mdogo mwenye adabu. Alisema, "Shikamoo, baba," akasubiri niitikie ndipo akaingia. Hilo nimelipenda. Kisha akabandika ukutani kifaa kidogo kama kiberiti. Akasema kitarekodi sauti ya pampu mchana kutwa, leo na kesho, ili wajue hali yake kabla ya kufunga mtambo. Hilo sikulipenda. Nilimwonyesha bisibisi yangu. Akaishika kwa mikono miwili, akaisifu mno, lakini kifaa hakukibandua.

Jumatano sitaandika. Nitafikiri tu.

Alhamisi, 8 Mei

Siku kubwa!

Tuliitwa ofisini: mimi, Sabra na Twalibu. Sabra akafungulia rekodi. Kwanza pampu yenyewe, ngurumo nyororo, hata macho yakataka kufumba. Halafu, tangu saa saba na robo mchana, siku zote mbili, mlio mwingine kabisa. Mzito, mkavu, wa kukwaruza. Unapanda polepole, unakatika ghafla, kimya, kisha filimbi nyembamba. Halafu unaanza upya. Meneja aliacha kunywa chai. Twalibu akasema hajapata kusikia mashine ya namna hiyo, labda lori la ndizi linalopanda Matombo wakati wa masika.

Mimi nilifumba macho na kusikiliza. Moyo ulinidunda kwa furaha. Pampu imenitetea yenyewe! Nikatamka: beringi ya nyuma. Imekauka, gololi zake zinagongana, na ile filimbi ya mwisho ni hewa inayopenya. Mlio wa mashine iliyochoka, nikasema, unaohitaji mtu wa kukaa nayo karibu.

Sabra akauliza, kwa heshima zote, iwapo mimi ninayeshinda bandani nimewahi kuusikia. Nikajibu kwamba nausikia kila siku, na kwamba nimekuwa nikiufuatilia. Lazima mtaalamu aseme hivyo. Meneja akaomba niandike na kusaini kuwa huu ndio mlio wa beringi inayokufa. Nimeandika mistari sita, hakuna herufi iliyofutwa. Nimesaini.

Ijumaa, 9 Mei

Tumefungua pampu, mimi na Twalibu. Beringi ikatoka inang'aa kama sahani ya harusi. Twalibu akaizungusha kidoleni, ikazunguka bila sauti, akanitazama. Nikamwambia kwamba uchakavu wa hatari hauonekani kwa macho. Tukaweka mpya.

Nilisimama bandani hadi jioni, sikujinyoosha hata kidogo, maana Meneja alikuwa anapita pita. Hapakuwa na mlio. Meneja akanipa mkono. Twalibu, ambaye wivu wake naujua tangu alipohamia Kihonda na kuanza kuja kazini kwa pikipiki, akasema kwa sauti, "Mzee Fransisko ana dawa! Ameitibu kwa kuikodolea macho tu."

Nilikuwa nimechoka. Kwenye saa kumi niliona milima miwili miwili.

Jumatatu, 12 Mei

Nimejinyoosha tena, kwa haki kabisa. Nilikuwa natembea ndani ya ukungu, nimejitwika pampu kichwani, nyepesi kama tenga la majani. Kila nilipokanyaga, maji yalibubujika, na wanachuo walinijia na ndoo nyeupe, hawasemi neno. Sijapata kuwa na mchana mzuri kama huu tangu Pasaka.

Saa tisa Sabra akapanda akihema. Mlio umerudi! Saa saba na robo, vilevile. Lakini alikuwa na jambo linalomsumbua: jana Jumapili kifaa, ambacho bado kiko ukutani, kilirekodi kutwa, pampu ilifanya kazi kutwa, na mlio haukuwapo. Nikamweleza kwamba mashine za zamani zina tabia zake. Akaandika.

Kisha akatoa wazo lake. Mtambo mpya utapewa ule mlio niliousainia. Ukiusikia tu, utazima pampu papo hapo na kupiga king'ora. Nikaona mlango umefunguka. Nikauliza: na king'ora kikilia, nani atakimbilia bandani? Twalibu, kutoka kule chini, na goti lake lile? Sabra akakubali kwamba anatakiwa mtu wa kukaa hapa. Akampigia Meneja. Meneja akasema sawa, mzee abaki.

Nabaki! Miaka miwili! Nimeshinda kwa saini moja.

Jumatano, 14 Mei

King'ora kimefungwa juu ya nguzo. Nilikikagua mwenyewe na kuagiza kiongezwe sauti, kisikike hadi mabweni ya mbali. Kesho ni uzinduzi wa mtambo. Naibu Makamu Mkuu wa Chuo atakuja. Martina amenipigia koti pasi. Ameniomba nisikae kwenye kiti chenye mgongo. Sikumwelewa.

Alhamisi, 15 Mei

Naandika kwa ufupi.

Turubai lilitandazwa nje ya banda. Mimi niliwekwa ndani, karibu na mota, koti safi, mpini wa bisibisi sikioni, ili wageni wanione mlangoni kama mfano wa uzoefu. Kiti kilikuwa na mgongo. Hotuba ilianza saa sita na nusu. Naibu alianza na historia ya maji tangu enzi za kale.

Mota iliimba vizuri leo. Nilikuwa nimefika kijijini Matombo, kwenye kijito chini ya kanisa, na kijito chote kilikuwa kinapita ndani ya bisibisi yangu na kuingia sikioni, baridi, kina harufu ya karafuu. Mama akaniita nile. Nikasema naja. Jogoo akawika ng'ambo ya ukungu, akawika tena kwa nguvu zaidi, akawika kuliko jogoo yeyote.

Mtu alikuwa amenishika bega. Nikaruka na kupiga kelele: "Beringi!"

Walikuwa wote mlangoni. Naibu alikuwa bado ameshika karatasi zake. King'ora kilikuwa kinalia juu ya nguzo, na njia ya mabweni ilikuwa imejaa wanachuo wenye taulo na mapovu masikioni, wanauliza maji yamekwenda wapi. Nikawaeleza waheshimiwa kwamba mtambo umefanya kazi yake, umeitambua beringi mbovu na kuzima pampu.

Sabra akaja karibu. Akasema polepole, "Baba, samahani. Pampu imezimika saa saba na dakika kumi na nane. Mlio umeendelea hadi saa saba na dakika ishirini na moja."

Nikafikiri. Nikasema huenda ni mwangwi.

Twalibu akavua kofia, akainama hadi kiunoni mbele ya wageni wote. "Shikamoo, beringi! Umeamkaje?"

Hata Naibu alicheka. Sabra peke yake hakucheka. Alikwenda kuzima king'ora, na nilimwona akifuta macho, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Ijumaa, 16 Mei

Barua ya uhamisho. Mistari mitatu, na kosa moja la kiuandishi, ambalo nimelipigia mstari.

Nimempa Sabra ufunguo wa banda. Akaniambia ataniruhusu nije kutembea, hata Jumapili. Nilikaa kidogo kwenye jiwe la nje. Ukungu ulishuka hadi magotini. Pampu ilijizima yenyewe, kimya, kisha baada ya muda ikajiwasha. Haikuniuliza kitu.

Nyumbani nilimsimulia Martina. Alicheka hadi akakaa chini jikoni. Halafu akanishika mkono na kuniambia kwamba kile chumba cha watoto nacho kina joto kama chetu. Sijui alikusudia nini. Mimi sikoromi. Miaka yote hii ningekuwa nimejisikia.

Jumatatu, 19 Mei

Karakana. Redio inatangaza mpira wa nchi ambayo hata Twalibu haijui iliko. Vyuma vinakatwa tangu asubuhi.

Hata hivyo. Nyuma ya kompresa kuu ya kubana hewa kuna nafasi, upana wa mtu mmoja na nusu. Pana ujoto mzuri na harufu ya mafuta, na kidirisha kinachotazama mlima. Pia nimekuta boksi la mota mpya, kadibodi nene, haijalowa. Niliweka bisibisi kwenye kompresa, mpini sikioni. Loo! Kama mvua inayokuja kwa mbali juu ya migomba. Nilipoondoa sikio, kahawa yangu ilikuwa imepoa.

Nimemwandikia Meneja barua. Nimeeleza kwamba kompresa hii si ya kuachwa peke yake, hasa mchana. Kwamba inahitaji mtu mzoefu wa kukaa nyuma yake. Na kwamba redio inazuia uchunguzi. Nimesaini.

Twalibu ameisoma kabla sijaibandika bahasha. Akauliza kompresa ina tatizo gani, mbona yeye hasikii kitu.

Nimemjibu kwamba bado halijaanza. Asubiri saa saba.