Malalamiko Kuhusu Shubiri ya Mama Mkwe Wangu

Stanslaus Ndaki,
Kijiji cha Mwanhundi,
Jirani na Mwakitolyo,
Shinyanga Vijijini.

Kwa Ndugu Afisa Uvuvi wa Wilaya.

YAH: OMBI LA KUJA KUPIMA MKONO WA MAMA MKWE WANGU, MWALIMU PASKALIA (MSTAAFU), KWA FUTIKAMBA YA SERIKALI

Ndugu Afisa Uvuvi,

Shikamoo, kama wewe ni mkubwa kwangu. Kama ni mdogo, basi marahaba, tuendelee. Kichwa cha barua kinajieleza hapo juu, na ninayeumia chini yake ni mimi.

Mimi ni mvuvi wa ndoano katika lambo la kijiji chetu. Zamani nilikuwa mchimbaji kule Mwakitolyo, mpaka siku jiwe liliponiangukia gotini ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu. Tangu siku hiyo sishuki shimoni, silimi, sisukumi hata toroli. Kazi niliyobaki nayo ni kukaa juu ya jiwe langu ukingoni mwa lambo na kuvua sato, na kwa miaka sita nyumba yangu haijakosa kitoweo. Naomba ulishike hilo la kitoweo, maana yote yanayofuata yanaliegemea.

Mwaka jana mama wa mke wangu, Mwalimu Paskalia, alistaafu ualimu kule Kahama, akahamia kijijini kwetu ili awe karibu na binti yake Juliana, yaani Mama Loveness. Nilifurahi kwa moyo mweupe. Hata miti ya uzio wake niliichagua mimi. Kisha mwezi wa tatu mwaka huu akatokea lamboni ameshika mwanzi wa kuvulia.

Sasa, kama umetoka mikoa ya mbali, nikujulishe kwamba kwetu Wasukuma mwanamume na mama mkwe wake hawasogeleani. Simpi mkono, sili naye, simtazami usoni. Nikimwona njiani naiacha njia, naingia kwenye mtama, na salamu yangu anaisikia ikitokea humo. Ndiyo maana nakuandikia wewe badala ya kumwambia yeye. Malalamiko yangu ni haya:

1. Anafunga kinyume. Mimi nilivyofundishwa, ndoano inakaa mwisho wa mshipi, na chubwi, yaani kile kizito cha kuzamishia, linakaa juu yake. Mwalimu anaweka chubwi mwisho kabisa na ndoano juu yake. Chubwi linalala kwenye tope, ndoano inaning'inia majini, naye anatikisa ncha ya mwanzi taratibu kama mtu anayebembeleza mtoto. Nyungunyungu anacheza pale pale, haendi mbele wala harudi nyuma. Sato anamtazama, anamtazama, mwishowe uvumilivu unamwishia. Huko ni kumtia samaki majaribuni, na sidhani kama leseni ya uvuvi inafika huko.

2. Mtindo wenyewe una jina la hatari. Aliujifunza kwenye simu, kwa Mzungu mmoja, na unaitwa "dropu shoti". Ndugu Afisa, shoti sote tunaijua. Ni shoti iliyounguza friji ya duka la Jashvant pale Kahama ninakonunua ndoano. Tena chubwi la Mwalimu ni plagi ya zamani ya pikipiki! Mtu anatumbukiza plagi majini, anasema ni shoti, wewe ungefikiri nini? Nilikwenda moja kwa moja kwenye mkutano wa kijiji nikatangaza kwamba lambo lina umeme. Kwa siku nne ng'ombe walipelekwa kunywa maji kijiji cha pili, na rafiki yangu Edson alioga amevaa mabuti ya mpira. Mwalimu akaomba ubao na chaki, akaueleza mkutano kwamba shoti hiyo haina waya wala umeme. Watu walimpigia makofi. Mimi nilikuwa nyuma ya ofisi, kwa heshima ya ukwe, lakini makofi niliyasikia.

3. Mtindo huu si wa sato. Kwenye video yule Mzungu anasema wazi kabisa kwamba anavua samaki aitwaye besi. Besi ninayoijua mimi ni ile ya spika za harusini, inayotikisa vikombe kabatini, lakini nakubali kwamba nchi za watu zina mambo yao. Swali langu ni hili: kama mtindo umetungwa kwa ajili ya besi, sato wetu wameingiaje humo? Nani aliwauliza? Naomba ofisi yako itoe tamko kwamba sato aliyevuliwa kwa mtindo wa besi ni samaki aliyepatikana kwa udanganyifu, na kwamba asipikwe.

4. Amekaa juu ya jiwe langu. Lambo lina ukingo mrefu, ng'ombe mia mbili wanaenea, lakini yeye kachagua lile jiwe. Anafika saa moja asubuhi, anaondoka saa sita. Akiwepo mimi siwezi kusogea, hivyo nakaa kwenye mtama hatua thelathini hivi na mwanzi wangu mkavu mkononi, nasubiri. Anapumzika Jumapili tu, na Jumapili Mama Loveness ananitaka kanisani. Kibaya zaidi, mtama ni wa mzee Selestine na anavuna wiki ijayo. Ukishakatwa, nitamheshimu mama mkwe wangu nikiwa wapi?

5. Hotipoti. Hapa naomba uniwie radhi, maana hapa ndipo panapochoma. Kila siku saa saba mchana inaletwa nyumbani kwangu hotipoti ya bluu yenye maua, na ndani mna sato wawili wa kuchemsha na nyanya na ndimu. Ni watamu. Nasema kweli, ni watamu kuliko ninavyopenda. Mwanangu Loveness zamani alikuwa akinisikia nakohoa mlangoni anakimbilia kuuliza nimeleta nini. Siku hizi anauliza bibi ameleta nini. Hakuna aliyenisema kwa neno baya, wala Juliana hajawahi. Lakini mwanamume asiyeshuka shimoni, asiyelima, halafu analishwa na mama mkwe, anabaki kuwa nani pale nyumbani? Naona aibu, Ndugu Afisa. Nimeliandika na sitalifuta.

6. Basi nikaamua kuiga. Usinicheke. Nilinunua plagi, nikafunga ndoano juu, na ule mkia wa mshipi nikaupitisha tena kwenye tundu la ndoano ili isimame imechomoza pembeni, kama nilivyomwona akifanya kutoka kwenye mtama. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa kimoja: urefu wa mshipi kati ya ndoano na plagi. Juliana aliniulizia kwa mama yake, akaja na jibu kwamba asubuhi, sato wakiwa karibu na tope, ni shubiri moja na nusu, na jua likipanda, wao nao wakapanda kidogo, ni shubiri mbili na nusu. Shubiri! Shubiri ya nani? Mkono wangu ni wa mchimbaji, nikiutanua unafunika sahani ya ubwabwa. Kwa shubiri yangu nilipata jani. Kwa shubiri ya Juliana nilipata chura. Kwa shubiri ya Loveness nilipata kandambili ya mguu wa kushoto, na hata hiyo ilikuwa yangu mwenyewe.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni shubiri ya Mwalimu mwenyewe, na mkono wa Mwalimu ndio kitu kimoja duniani ambacho mimi siruhusiwi kukigusa. Nilijaribu njia nyingine zote. Alipokandika jiko lake niliona alama ya kiganja ukutani, nikaenda kuipima akiwa sokoni, kumbe ilikuwa ya fundi. Halafu nikamtuma Edson akampe mkono, aangalie ncha ya kidole chake cha mwisho inafika wapi kwenye kiganja. Edson akaung'ang'ania ule mkono kama mgombea wa udiwani. Mwalimu akamuuliza kulikoni, naye kwa hofu akasema anampa pole ya msiba. Akaulizwa msiba wa nani. Akanitaja mimi! Juliana alipofika nyumbani mbio alinikuta nakula muhogo wa kuchoma, na bado alilia, safari hii kwa hasira.

7. Kutokana na hayo yote, naomba yafuatayo:

(a) Ofisi yako ije na futikamba ya serikali, iupime mkono wa Mwalimu Paskalia kuanzia ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, ukiwa umetanuliwa bila kulazimishwa, mbele ya mashahidi wawili wasio wakwe.

(b) Kipimo hicho kibandikwe ofisi ya kijiji na kiwe ndiyo shubiri halali ya lambo letu. Mwenye mkono mkubwa zaidi aukunje.

(c) Ikishindikana, sato wote wapandishwe cheo wawe besi, ili tujue moja.

(d) Ikishindikana hiyo nayo, naomba turubai moja la kutundika kati ya jiwe langu na ukingo mwingine, ili watu wawili wanaoheshimiana waweze kuvua sehemu moja bila kuonana. Miti ya kulisimamishia nitatoa mimi.

Mkiniacha hivi hivi, mtama ukishavunwa nitalazimika kumheshimu mama mkwe wangu nikiwa ndani ya maji mpaka shingoni, na goti langu halipendi baridi.

Nisalimie wote hapo ofisini, mhasibu na dereva, na yule mama wa usafi ambaye nilipokuja mwaka juzi alinipa kiti bila kuniuliza shida yangu. Edson anakusalimu pia, na anaomba ieleweke kwamba mimi ni mzima.

Wako katika uvuvi na uvumilivu,

Stanslaus Ndaki
(Baba Loveness)

Nyongeza baada ya kusaini:

Ndugu Afisa, usije.

Nieleze. Mtendaji wa kijiji aligonga muhuri nakala mbili za barua hii. Moja ndiyo unayoisoma. Ya pili nilimpa Juliana aniangalizie tahajia, na mimi kwa upumbavu wangu sikukumbuka kwamba hapa kijijini barua zote za serikalini anazisahihisha mtu mmoja tu. Imerudi ina wino mwekundu kuanzia juu mpaka chini. Amenipa sitini na mbili kwa mia. Hoja ya tatu ameandika "haina mantiki", hoja ya sita "fupisha", na pembeni ya hoja ya tano hakuandika kitu, amepiga mstari mmoja tu chini ya neno "aibu", na wino umelowana kidogo.

Mwishoni ameandika hivi, na nainakili kama ilivyo: "Stanslaus, miezi mitatu nimekaa kwenye jiwe lako kwa sababu ndilo linaloonekana vizuri kutoka kwenye mtama. Kila nilipofunga ndoano niliinua mikono juu. Ulidhani nasali?"

Nikaigeuza karatasi. Nyuma yake amechora mkono wake kwa kuuzungushia kalamu, vidole vimetanuliwa, na kutoka gumba mpaka kidole cha mwisho amepiga mstari kwa rula. Niliweka mkono wangu juu ya ule mchoro. Shubiri yake inaishia kwenye kiungo cha kati cha kidole changu cha mwisho. Ni mkono mdogo sana, Ndugu Afisa, kwa mtu aliyenisumbua hivi. Nakala hiyo siwezi kuiachia, ndiyo maana unapata hii. Naituma hata hivyo kwa sababu muhuri umeshagongwa, na Mtendaji ataniuliza.

Turubai pia usihangaike nalo. Leo asubuhi nilikuta kanga ya Mama Loveness imetundikwa kwenye mianzi miwili kando ya jiwe, na jiwe lenyewe liko wazi. Upande wa pili palikuwa na mtu. Nilisema "mwangaluka mayu", yaani habari za asubuhi mama, nikaitikiwa, basi. Nilipima shubiri moja na nusu, nikashusha plagi mpaka ikagusa tope, nikatikisa taratibu. Nimetoa sato watatu, na mkubwa wao anajaza sahani. Yeye alipata wangapi sijui, sikuchungulia.

Loveness alinikimbilia mlangoni kabla sijakohoa. Wawili tumewala. Yule mkubwa nilimwomba Juliana amchemshe kwa nyanya na ndimu, tukamtia kwenye hotipoti ya bluu na kuirudisha kwa mwenyewe. Sasa hivi imeletwa tena. Imeoshwa, haina chakula, na ndani yake mna kipande kidogo cha karatasi chenye alama moja ya vema, kwa wino mwekundu.