Bundi Kwenye Dari ya Wodi

Leo nimeaibika mbele ya wodi nzima, na bado nina hasira.

Mama yangu ameletwa kutoka Molo hadi hospitali moja hapa Nakuru kutolewa mawe kwenye nyongo. Tangu juzi upasuaji unaahirishwa kwa sababu presha haishuki. Asubuhi daktari akasema, "Tumpeleke wodi mpya. Imejengwa ili mgonjwa atulizwe kwa macho, pua na masikio."

Wodi yenyewe! Kuta rangi ya majani machanga. Harufu ya maua ambayo hayajawahi kuota Bonde la Ufa. Darini, spika zenye sauti za msitu. Nikamweleza Mama kwamba mazingira nayo ni dawa. (Niliwahi kusoma makala. Nusu yake.)

Ndege wakaimba. Maji yakatiririka. Mama akafumba macho. Halafu, kutoka darini: "Huu! Huu-huu!"

Mama akaketi wima. "Huyo ni bundi."

"Ni rekodi tu, Mama."

"Bundi ni bundi. Ameniita. Mimi sipasuliwi!"

Mgonjwa wa kitanda jirani akajifunika blanketi hadi kichwani. Wa tatu akaanza kukemea mapepo. Nesi alipopima, presha ya Mama ilikuwa imepanda kuliko jana.

Hapo nikawaka. Nani alichagua sauti hizi? Aliuliza shosho gani, bibi gani wa kijijini? Huku kwetu hata mtoto anajua bundi akilia karibu na nyumba, kuna mtu anaitwa. Wamenunua msitu wa ng'ambo, wakaumwaga juu ya vichwa vya wagonjwa wetu, wakauita tiba!

"Zima hiyo kitu!" nikamwambia nesi.

"Mzee, swichi iko ofisini, na mwenye ofisi ameenda lanchi." (Mzee! Tunalingana umri.)

Nikamhubiria kwamba mimi siamini ushirikina, natetea tu heshima ya mgonjwa. Nilikuwa katikati ya sentensi ndefu, tena nzuri, bundi akalia juu ya utosi wangu.

"Mfukuze!" Mama akapiga kelele.

Kwetu bundi hufukuzwa kwa kijinga cha moto. Moto haukuwepo. Kijinga pekee mle ndani nilikuwa mimi. Nikarusha nilichoshika: thamosi ya uji wangu. Ikagonga spika, kifuniko kikafyatuka, na daktari aliyekuwa akiingia akaoga uji wa wimbi. (Ulikuwa umepoa. Mungu ni mwema.)

Spika ikakatika, msitu ukanyamaza.

Kisha nikasikia kicheko. Mama! Alicheka huku ameshika ubavu, machozi yakimtoka. Nesi akapima tena, akatabasamu: presha imeanza kushuka.

"Daktari," Mama akasema, "nipasue. Bundi ameenda. Lakini huyu mumtoe nje."

Nikatolewa. Nimekaa kwenye benchi la nje, askari ananichunga. Nesi amepita sasa hivi: "Shosho ametoka upasuaji salama. Anauliza kama ulipata uji mwingine."

Jamani, msinicheke. Wachekeni walioweka bundi hospitalini. Mimi nilirusha uji tu.