Mwandishi Aliyetaka Kifaa Kiwashwe

Taufiki Hasani,
Duka la Simu na Vifaa vya Kilimo,
Ngara Mjini.

Kwa Mhariri wa Habari,
Redio Maporomoko,
Ngara.

YAH: OMBI LA KUMHAMISHA BI. INEZA NIYONKURU KUTOKA HABARI KWENDA SALAMU

Ndugu Mhariri Erasmus,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi, maana yaliyomo si ya kusomwa mtu akiwa amesimama. Mimi ni mfanyabiashara wa hapa mjini, mtoto wa marehemu mzee Hasani aliyekuwa akiuza vitenge na taa za chemli, na redio yenu nimeisikiliza tangu ilipokuwa na mtangazaji mmoja na nyimbo za kwaya. Sijawahi kulalamika. Hata mlipotangaza kwamba duka langu lipo karibu na kituo cha polisi, wakati kituo cha polisi ndicho kilichokuja kujengwa karibu na duka langu, nilinyamaza.

La safari hii limenishinda kunyamazia. Mimi ni wakala wa hapa Ngara wa kampuni ya Jani Hai ya Dar es Salaam, watengenezaji wa Daktari Mgomba. Hicho ni kifaa kidogo chenye kamera. Unakielekeza kwenye jani la mgomba, nacho kinatamka kwa Kiswahili fasaha kama mgomba una ugonjwa wa mnyauko au hauna. Mwezi uliopita tulishiriki maonesho ya teknolojia ya kilimo pale Rusumo, penye daraja la mpakani, na Bi. Ineza alikuja kwenye banda letu. Kwa sababu ya yale aliyoyatangaza, kampuni imenijulisha kwamba habari ile isiposahihishwa, uwakala atapewa bwana mmoja wa Biharamulo anayeuza maturubai. Ndugu Mhariri, uwakala huu nimeuhangaikia mpaka nikabandua jina la baba yangu kwenye kibao cha duka ili jina la kifaa lipate nafasi. Nikiupoteza sitajua niandike nini pale juu.

Malalamiko yangu ni haya, na nimeyapa namba ili yasigombane.

1. Bi. Ineza alipokewa vizuri kuliko mwandishi yeyote. Alipewa kofia, fulana na kalamu, vyote vikiwa na nembo ya kampuni. Aliletewa soda ya baridi na sambusa alizokaanga mke wangu Naima kwa mikono yake. Alikula, akanywa, akashukuru kwa adabu zote za kwao. Kisha akawasha kinasa sauti na kuuliza swali. Mimi sikusomea uandishi wa habari, lakini ninavyojua, mtu aliyekula kwako anakuuliza watoto hawajambo. Hakuulizi kama kitu chako kinafanya kazi.

2. Aliwachunguza waliohudhuria. Katika taarifa tuliyowaandalia waandishi tulisema kwamba mamia ya wakulima walifurika bandani. Yeye akatangaza kwamba wengi wao walikuwa madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao zitoke forodha, na kwamba walifuata kivuli na mahali pa kuchajia simu. Sikatai. Jua lilikuwa kali na foleni ilifika mbali. Lakini kila dereva ana baba, na kila baba ana shamba, kwa hiyo sioni ni wapi tulipokosea. Mmoja wao, anayepeleka saruji Kigali, alilalia vipeperushi vyetu mchana kutwa. Mtu halalii kitu asichokiamini.

3. Habari ilikuwa imekwisha andikwa, na yeye akaja kuitafuta upya. Hapa ndipo uhusiano wetu na vyombo vya habari ulipoanza kuvunjika. Waandishi wengine waliipokea karatasi yetu, wakaipiga picha kwa simu, wakala pilau na kuondoka. Habari zao zilitoka nzuri kuliko maonesho yenyewe. Moja ilitoka asubuhi kabla utepe haujakatwa, na kwa kweli huo ndio uharaka tunaouhitaji katika ulimwengu wa teknolojia. Bi. Ineza peke yake ndiye aliyeisoma karatasi mpaka chini. Kule chini kulikuwa na maneno ya mkulima mmoja, Bw. Fideli Ndikuriyo wa Nyakisasa, aliyesema kwamba tangu apate Daktari Mgomba amejenga nyumba ya bati na analala usingizi mzuri. Akaniuliza Bw. Fideli yuko wapi. Nikamjibu kwamba yuko Nyakisasa. Mwandishi mstaarabu angeridhika hapo. Maonesho yalipokwisha, yeye akapanda bodaboda kwenda Nyakisasa.

Nitakueleza kwa uaminifu: jina lile nililitunga mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye kaunta, kwa sababu lilinijia kama jina la mtu mwenye shamba na moyo wa shukrani. Sikujua kwamba yupo. Kumbe yupo. Sasa hilo nalo ni kosa langu? Watu wanazaliwa Nyakisasa kila siku bila kuniarifu.

4. Alitaka kifaa kiwashwe.

Nilimweleza kwa upole kwamba kifaa kimekuja kwenye maonesho kuonekana. Kufanya kazi ni hatua ya baadaye, mteja akishalipa na kufika nacho nyumbani. Hakunielewa. Madereva nao wakaanza kuinuka kwenye vipeperushi kuja kutazama, ikabidi nikiwashe. Nikakielekeza kwenye majani mawili ya mfano tuliyoletewa kutoka makao makuu, ambayo yamefungwa kwenye plastiki ngumu kama vitambulisho. La kwanza kikasema ni zima. La pili kikasema lina mnyauko. Sawasawa kabisa, na hakijawahi kuyakosea majani hayo hata siku moja.

Hapo ndipo Bi. Ineza alipotoa kwenye mkoba jani la manjano lililonyong'onyea, alilopewa na mama mmoja wa Kibimba aitwaye Nimpaye. Mgomba wenyewe ulikuwa umekwisha ng'olewa na kuzikwa kwa maelekezo ya bwana shamba. Kifaa kililitazama jani lile, kikafikiri kidogo, kikatamka: "Hongera! Mgomba wako una afya njema."

Bi. Ineza akauliza imekuwaje mgomba uliozikwa ukawa na afya njema. Kwanza, hilo ni swali la kuulizwa viongozi wa dini. Pili, kifaa hakikuambiwa kwamba kuna maziko. Tatu, kumpa mgonjwa moyo ni sehemu ya udaktari. Hata hospitali, penye habari mbaya humwita ndugu wakanong'ona naye kwenye korido, hawaitangazi mbele ya madereva.

5. Sauti ya mgeni rasmi. Jambo hili nilitaka kulipita, lakini yeye hakulipita.

Mheshimiwa alipofika bandani kwetu alifurahi, akaomba apigwe picha akiwa ameshika kifaa. Mimi kwa furaha nikakigeuza upande wake ili ajione kwenye kioo. Kwa bahati mbaya nilikuwa nimekiunganisha na spika kubwa, ile ya kuitia watu. Kikamtazama kwa muda mrefu kuliko kilivyolitazama jani. Kisha kikatamka, na hata kule kwenye daraja walisikia: "Mnyauko umefika juu. Mgomba huu hauponi. Ng'oa na uzike mara moja kabla haujaambukiza wengine."

Wa kwanza kucheka alikuwa dereva wake, na nasikia siku hizi amepangiwa kuendesha trekta. Mheshimiwa naye alicheka, ila alichelewa. Mwandishi mwenye kupenda maendeleo angekizima kinasa sauti chake wakati ule, au angalau angekohoa karibu na kipaza sauti. Bi. Ineza aliirusha sauti ile hewani kama ilivyo, tena mara mbili, asubuhi na jioni. Sasa wateja wanaingia dukani kwangu wakiomba nikiwashe wawapime wakwe zao. Wanacheka, wanaondoka, na hakuna anayenunua.

6. Bw. Fideli Ndikuriyo amehamia kwenye benchi langu. Bi. Ineza alipomfikia Nyakisasa na kumsomea maneno yake, mzee yule alisikiliza vizuri. Akasema hajawahi kukiona kifaa hicho, anaishi katika nyumba ya nyasi, lakini anashukuru sana na angependa kujua hiyo ya bati imejengwa upande gani. Siku ya gulio lililofuata alikuja kuniuliza mimi. Tangu hapo anakuja kila gulio. Ni mtu mzima kuliko mimi, kwa hiyo nalazimika kumwamkia, naye anaitikia marahaba kwa upendo. Wateja wakimuuliza anangoja nini, anawaambia anangoja nyumba yake. Nikijaribu kumweleza ananituliza: "Amahoro, amani, mwanangu. Mie sina haraka. Hata ukianza na mabati tu, kuta nitajijengea." Sijui kama ananitania, na nimeshindwa kumuuliza kwa sababu ana uso wa mtu mwema. Naima amekwisha anza kumpa chai.

Baada ya kueleza hayo, nina maombi machache ambayo mtu yeyote mwenye haki atayaona ni madogo.

Kwanza, Bi. Ineza aondolewe kwenye habari na kupelekwa kwenye kipindi cha salamu. Huko mtu wa Rulenge anamsalimia mtu wa Kabanga, wa Kabanga anaitikia, na hakuna anayetaka kuwashiwa chochote. Sauti yake ni nzuri, haitapotea bure.

Pili, karatasi yetu isomwe hewani yote, pamoja na yale maneno ya Bw. Fideli. Iwapo redio inaona kwamba hali halisi haikulingana na karatasi, basi naomba redio isaidie maonesho yarudiwe ili yalingane. Madereva nitawaazima majembe. Mgeni rasmi atasimama upande wa nyuma wa kifaa.

Tatu, nyumba ya bati ya Bw. Fideli ijengwe na Redio Maporomoko. Mimi nilimwacha kwenye karatasi, ametulia, hana shida na mtu. Mwandishi wenu ndiye aliyemtoa humo akamleta dukani.

Nne, siku zijazo mumtume mwandishi kwenye maonesho akiwa ameshiba, ili asitupe matumaini ya uongo kwa kula sambusa zetu.

Nisalimie fundi mitambo, mlinzi wa getini na yule dada wa matangazo ya vifo ambaye hutamka majina ya watu wetu vizuri. Bi. Ineza naye msalimie, ila usimwambie salamu zimetoka kwangu. Nyumbani kwako pia, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi niliyeumizwa lakini sijatukana,

Taufiki Hasani,
Wakala wa Daktari Mgomba, Ngara (mpaka ninapoandika).

Nakala: Makao Makuu, Kampuni ya Jani Hai, Dar es Salaam.

NYONGEZA

Ndugu Mhariri, nilikuwa natafuta gundi ya kufungia bahasha, mama yangu, Bi. Mwatumu, akaniita nyuma ya nyumba. Ana migomba yake pale, aliipanda mwaka aliofariki baba, na ndiyo kazi inayomtoa kitandani asubuhi. Mkungu mmoja umeanza kuiva kabla ya wakati. Amekata ndizi moja, ndani ni ya kahawia. Amekata na shina, limetoa uji wa manjano. Mgomba mwingine wa pembeni, majani yameanza kulegea.

Nimekimbia dukani nikachukua kifaa. Nimeipima migomba yote, mmoja mmoja. Kimenipa hongera kwa kila mmoja. Mama amekaa juu ya kinu, panga mkononi, anasubiri nimwambie akate au aache. Mimi sijui, Ndugu Mhariri. Nimesimama na kifaa changu na sijui.

Jirani yetu anasema mwisho wa kipindi kile cha maonesho Bi. Ineza alimleta bwana shamba, akaeleza dalili zote na nini kifanyike ili migomba iliyobaki ipone. Anasema kulikuwa na jambo muhimu kuhusu panga, la kufanya kabla ya kugusa mgomba mwingine, lakini amelisahau. Sisi sehemu hiyo hatukuisikia. Mama alikuwa akisikiliza redio yake jikoni, mimi ndiye niliyeingia kwa hasira nikaizima.

Ningempigia Bi. Ineza mwenyewe, ila nilimtumia ujumbe wiki iliyopita ambao siwezi kuurudia hapa, na sasa hapokei. Kwa hiyo barua hii naileta kwa bodaboda, na nakala ya Dar es Salaam nimeichana. Tafadhali asihamishwe. Kipindi kile kirudiwe kesho asubuhi, chote, hata ile sehemu ya mgeni rasmi, na yale ya panga ayasome yeye mwenyewe, polepole. Nitakuwa jikoni na mama, nikiandika.