Leza ya Pak Darmaji

Darmaji alikuwa akizurura sokoni katika mji wa Semarang, ambako bwana huitwa Pak, hana kazi wala aibu, alipomwona muuza paka akiwachezesha paka wake kwa kikalamu cha taa nyekundu. Kidoti kinaruka ukutani, paka nao wanaruka. Watu wamesimama, midomo wazi kwa kicheko. Darmaji hakutazama paka. Alitazama ile midomo, na meno yaliyooza ndani yake.

"Kaka, hicho kikalamu bei gani?"

Wiki hiyohiyo akakodi kiti cha kinyozi, akapata koti jeupe, akatundika bango: LEZA YA MENO. HAKUNA SINDANO, HAKUNA KUCHIMBA. Jamani, nani asiyeogopa sindano? Watu wakajipanga hadi kwa muuza tambi.

Wa kwanza kuketi alikuwa Bibi Satinem, muuza dawa za mitishamba, na gego lake lilikuwa halimpi amani.

"Pak Dokta, mjukuu wangu anasema mgonjwa wa leza huvishwa miwani, na daktari naye anavaa. Mbona sisi hatuna?"

"Hizo ni leza za kizamani, Bibi. Hii ina adabu zake, haigusi macho."

"Na hili jino lina kiraka cha chuma. Nasikia leza haiondoi kiraka cha chuma."

"Labda leza ya mtu mwingine. Ya kwangu inaondoa mpaka huzuni. Panua mdomo."

Akamulika, uso kaukunja kwa elimu asiyokuwa nayo.

"Tayari, Bibi. Umepona. Nenda nyumbani, usitafunie upande huo."

Huo ushauri wa mwisho ulikuwa mzuri kabisa, na biashara nzima ilisimama juu yake. Jino bovu usipolitafunia hutulia kidogo, angalau mpaka daktari ahame mtaa. Wakafuata mchinja nyama, fundi cherehani, na wengine wengi, wote wakalipa kwa furaha.

Kujipongeza, Darmaji akanunua wingko, zile keki za nazi zinazonata, akazifakamia kifurushi kizima. Gego lake mwenyewe, bovu siku nyingi, likapasuka. Baada ya siku chache shavu lilikuwa limevimba kama embe. Na hapa mimi hucheka mpaka nashika mbavu: mjanja wetu alisimama mbele ya kioo cha kinyozi, akajimulika mdomoni kwa kikalamu cha paka, akasubiri kupona. Kumbe domo lake lilishamwingiza mjini na yeye!

Maumivu yalipomzidi, akakimbilia kwa Daktari Retno, mwenye leza ya kweli. Akasukuma mlango wa chumba cha kusubiria. Benchi zima limejaa, kila mtu kashika shavu, na kila shavu Darmaji analifahamu.

"Loo! Pak Dokta!" akasema Bibi Satinem, aliyekaa karibu kabisa na mlango wa daktari. "Umekuja kutujulia hali wagonjwa wako?"

Alitaka kula kona. Miguu ilikuwa tayari, jino likakataa.

Daktari Retno akatoka, akamchungulia mdomoni.

"Leza, dokta," Darmaji akabwabwaja. "Sitaki sindano."

"Leza ninayo. Inafaa kwa ufizi, na kwa matundu machanga, na hata hapo wakati mwingine nachoma sindano. Lako limeoza mpaka mzizini. Ni sindano na koleo. Panga foleni."

"Basi nichome! Nichome hata sasa hivi!"

"Foleni," mchinja nyama akasema, na benchi zima likaitikia.

Darmaji akaingiza mkono mfukoni. Mchinja nyama alimuuzia nafasi yake kwa kiasi kilekile alicholipa kutibiwa kwa leza, akaongeza nauli. Fundi cherehani akafanya vivyo hivyo, akaongeza na chakula cha mchana. Mtu kwa mtu, mjanja akajiburuta juu ya benchi huku akilia machozi, mpaka mifuko ikakauka na akabaki Bibi Satinem peke yake mbele yake.

"Sina kitu tena, Bibi. Nihurumie, ninakufa."

"Kile kikalamu unacho?"

Akakitoa haraka, akampa kwa mikono miwili.

"Ahsante. Nina paka nyumbani."

Bibi akakibonyeza. Akakilenga kidoti chekundu kwenye lile shavu lililovimba, uso kaukunja kwa elimu nyingi, benchi zima likimtazama.

"Tayari, mwanangu. Umepona. Nenda nyumbani, usitafunie upande huo."

Kisha akainuka, akaingia kwa Daktari Retno, akafunga mlango.