Darasa Lisilo na Tija

Umma ulitangaziwa, kwa furaha kubwa, kwamba Darasa la Jioni la hadithi, historia na mashairi, lililokuwa likitolewa bure katika ukumbi wa maktaba, limefungwa kwa kukosa tija. Mkurugenzi wa Manufaa ya Umma alilifanyia tathmini mwenyewe. Washonaji, madereva na wauguzi walikuwa wakiingia hoi, wakitoka wanacheka na kuulizana maswali. Hakuna hata mmoja aliyetoka na kitu mkononi.

Jioni hiyo alirudi nyumbani kifua mbele. Mkewe hakuwepo. Kumbe naye alikuwa mwanafunzi wa darasa lile, na kila wiki alimsimulia mumewe mezani, naye akimjibu, "Imepokelewa."

Kesho yake Mkurugenzi akabisha hodi kwa shemeji yake, ambako mkewe alikuwa amehamia na masanduku mawili.

"Shemeji, nimekuja kumwomba dada yako radhi."

"Haya, sema. Yuko nyuma ya pazia, anakusikia."

Akakohoa. "Ofisi inasikitishwa na usumbufu wowote uliojitokeza, na inawahakikishia wahusika kwamba..."

"Mhusika ametoka," shemeji akamkata kauli. "Njoo kesho."

Alirudi kesho yake, na keshokutwa akarudi na tai mpya. Maneno yalikuwa yale yale, maana mengine hakuwa nayo. Nyumbani hata chai ilimshinda kunywa. Alimkumbuka mkewe mno, na hakujua hilo nalo husemwaje.

Basi akamwendea mwalimu wa darasa lile. "Nifundishe kuongea na mke wangu."

"Ningependa sana, mheshimiwa," mwalimu akasema kwa upole. "Ila darasa limefungwa. Halina tija."

Umma ulitangaziwa, kwa furaha kubwa zaidi, kwamba Darasa limefunguliwa. Mkurugenzi alikaa nyuma kabisa. Mkewe alikaa mbele, masanduku yake chini ya kiti, kwa sababu alizozijua mwenyewe.

Zamu yake ya kusimulia ilipofika, Mkurugenzi alikunjua hotuba, akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Ulikuwa unaniambia, mke wangu, na mimi sisikii. Nimekukosea. Nyumba imepooza bila wewe."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama mkewe. Alifuta machozi, kisha kicheko kikamtoka.

"Imepokelewa," akasema, na kumsukumia masanduku.

Mkurugenzi akatoka ukumbini na sanduku kila mkono, mwanafunzi wa kwanza wa darasa lile kutoka na kitu mkononi.