Yah: Ombi la Kuichinja Landrova ya Ukoo na Kugawana Mafungu

Kilema,
Jumanne, 11 Mei, 1993

Kwa Baba Mkubwa Melkior,
Mwenyekiti, Kamati ya Ukoo ya Kununua Gari.

Baba Mkubwa, shikamoo.

Natumaini mguu umepata nafuu na migomba iliyoangushwa na mvua mmeshaiondoa njiani. Mimi mwanao Primus, dereva wa ukoo kwa uteuzi wenu wa Krismasi, ni mzima, isipokuwa mikono, ambayo ina grisi hadi viwikoni na sabuni imeshindwa. Nakuandikia kwa heshima zote. Nimeandika badala ya kuja kwa sababu nikija nitapaza sauti.

Utakumbuka kwa nini tulichanga. Masika ya mwaka jana mke wangu Victoria alishushwa hospitali ya misheni akiwa juu ya kitanda, wanaume sita wamekibeba, kwenye tope. Yeye alifika salama. Mtoto hakufika. Ndipo Krismasi, ukoo mzima ulipopanda kutoka Dar na Arusha, tukakubaliana tununue gari la dizeli linalovuta kwa magurudumu yote manne, la kubebea wagonjwa na wajawazito. Siku ile nililia mbele za watu na sioni aibu kusema. Baada ya hapo nina malalamiko yafuatayo:

1. Kuhusu utaalamu. Niliomba nimlete Denis, fundi wa dizeli wa Majengo, aitazame landrova kabla hatujalipa. Kamati ikasema mtu baki hawezi kuingizwa katika mambo ya ukoo, na kwamba tunaye Mzee Sirili, aliyekagua ng'ombe mnadani miaka arobaini. Basi Mzee Sirili akaizunguka mara tatu, akaipiga kofi ubavuni, akaminya viti, akauliza imepita mikononi mwa watu wangapi na kama ina tabia ya kupiga teke. Kisha akatangaza kuwa thamani yake ni mitamba mitano yenye mimba. Hakuna aliyeuliza mimba ya nini.

2. Kuhusu kuwashwa. Dizeli kuukuu hupimwa ikiwa baridi, maana ikishapata moto kila injini ni nzuri. Sisi tulifika Kirua Vunjo saa tano, baada ya misa, tukakuta mwenye mali, Bwana Efraimu, ameiwasha tangu alfajiri. Kamati ikamsifu kwa ukarimu wake, kama mama aliyeinjika chungu kabla wageni hawajafika. Nilipofungua kifuniko cha oili ukafuka moshi kama wa kuni mbichi, dalili ya injini iliyochoka, Mzee Sirili alinipiga mkono. Alisema kinachopumua kiko hai, nifunge.

3. Kuhusu mbege. Bwana Efraimu alitutengea pipa zima la pombe hiyo ya ndizi na, nasikitika kukiri, ilikuwa mbege nzuri sana. Kwetu mtu akishapokea kata ya mwenzake hawezi tena kumsemea vibaya mnyama wake papo hapo. Kwa hiyo chini ya gari hakuinama hata mmoja, wengine kwa adabu, wengine kwa kuogopa kwamba hawatainuka. Nimeinama mimi, mwezi wa pili, nikiwa na bisibisi. Chesi ya upande wa kushoto imeliwa na kutu, ikazibwa kwa saruji na kupakwa rangi nyeusi. Kazi safi, sina neno. Nyumba yangu haina lipu ya namna hiyo.

4. Kuhusu majaribio. Kamati ilipanda, watu kumi na mmoja, ikaijaribu kutoka kwa Bwana Efraimu hadi barabara ya lami. Kuteremka! Baba Mkubwa, huku kwetu kila kitu kinateremka: maji, mawe, hata pipa lile la mbege lingeteremka vizuri tu bila dereva. Nilipoomba tupande nayo kurudi, ulisema gari sasa ni mgeni wetu, nisimchoshe.

5. Kuhusu magurudumu manne. Gia ya kuvutia magurudumu ya mbele ipo, na ina kirungu chekundu cha kupendeza. Ukiisukuma hakitokei kitu, kwa sababu propela shafti ya mbele, chuma kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu hayo, haipo. Nilipomfuata Bwana Efraimu alisema aliing'oa ili kubana dizeli, na kwamba hakuna aliyemwuliza. Hapo kwenye kuuliza sikuweza kumbishia. Tangu mvua zianze tumekwama mara tisa. Mara ya saba mgonjwa mwenyewe alishuka kusukuma, na alikuwa mgonjwa wa ngiri.

6. Ombi. Kwa kuwa landrova hii ilikaguliwa kama ng'ombe, ikathaminiwa kama ng'ombe na kunywewa mbege kama ng'ombe, naomba ichinjwe kama ng'ombe, Jumamosi hii saa tatu, kwenye kihamba chako, pale uani penye migomba, na kila mtu apewe fungu lake kwa desturi. Kidari ni cha mkubwa wa ukoo, hivyo rejeta na boneti ni vyako. Mzee Sirili apewe kichwa, yaani injini, aendelee kuisikiliza ikipumua. Shangazi Mektrida, mwenye haki ya ubavu kama binti wa ukoo, achukue milango miwili ya mbele, ingawa mmoja haufungi. Ndugu zetu wa Dar, waliochanga ahadi, wagawane bomba la moshi, ndio mkia. Betri isigawanywe, ni ya kipaza sauti cha parokia, na Paroko ameshaiulizia mara mbili. Mimi niachieni saruji.

Baba Mkubwa, nitakueleza linaloniuma kweli. Tangu gari lije, watu wameacha kutengeneza machela. Wanalala wakijua gari lipo. Siku moja nitakwama nalo, mke wa mtu akilia nyuma yangu, na nitakuwa sina hata wanaume sita wa kubeba kitanda. Hilo mara ya pili siliwezi.

Nisalimie Mama Mkubwa Margareta, watoto, majirani wote wa mtaro wa juu, na ng'ombe wako, ambaye angalau yeye alikaguliwa na mtu anayejua kazi.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Primus

Nakala: Mzee Sirili, Shangazi Mektrida, Paroko (kuhusu betri tu).

Nyongeza, Ijumaa: Nilikuwa sijaituma barua hii pale Mzee Sirili alipofika kwangu jana asubuhi, mbio, bila kofia. Mkwe wake Stella alikuwa ameshikwa na uchungu na mvua ilikuwa inamwagika. Nilimweleza yote kuhusu landrova, hadi saruji. Akasema washa. Tulikwama mara mbili, na mara zote mbili watu walitoka vihambani bila kuitwa, wakatandika vigogo vya migomba chini ya matairi wakasukuma. Nilihesabu hadi thelathini nikaacha. Mtoto ni wa kike na ana kelele nyingi. Baada ya mkunga, aliyempakata wa kwanza ni Victoria, tuliyekwenda naye, na ilibidi aombwe mara tatu ndipo amrudishe kwa mama yake. Kwa hiyo Jumamosi watu wasije na spana. Waje na kamba, kwa sababu landrova bado iko uani mwa hospitali na imegoma kuwaka, na Salvina wa kule juu anatazamiwa kujifungua wiki ijayo.